Siku Maro Aliimba Kifaransa

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa Omolo, kwa sababu Omolo akisimulia hii habari anaongeza chumvi mpaka mwisho wake ananivua suruali, na suruali yangu siku hiyo haikutoka, kilichoninasa ni kiti. Ni aibu, sikatai. Mimi Elphas, fundi wa nguo pale sokoni Kibuye, mwanamume mwenye mwili wake (nikikaa kwa cherehani watu wananiuliza kama nimekaa juu ya mtoto), nilisababisha akina mama wa kanisa waimbe wimbo wa mapenzi mbele ya mchungaji na mhubiri, mikono juu, macho yamefungwa, na haya yote siku ya ayie yangu mwenyewe. Kwa wale ambao hawajaoa upande wa Wajaluo, ayie ni siku ile mnaenda nyumbani kwa msichana na mama yake anatamka mbele ya watu kwamba amekubali. Neno lenyewe maana yake ndiyo hiyo, nimekubali. Mama asipolisema, mnakula, mnashukuru, mnarudi mlikotoka.

Yote yalianza na koti. Jirani yangu anayeuza mitumba aliniletea koti la wanaume nipunguze mikono, na katika ule mfuko wa ndani, wa kifuani, nikapapasa nikapata flashi ndogo nyekundu. Nikamuuliza kama ni yake, akasema yeye anauza nguo, vitu vya mifukoni ni bahati ya fundi. Redio yangu ya kibandani ina tundu la flashi, basi nikaichomeka nikitumaini rumba, ama ohangla, ama hata mahubiri (mtu akishona anataka tu sauti ya mwenzake), kumbe zikatoka ngoma za haraka haraka, gita likakwaruza, halafu msichana akaanza kuimba Kifaransa kama mtu anayelalamika huku anajizuia kucheka.

Nilinyoosha mkono nizime. Sikuzima. Huo wimbo ukaisha, ukaja mwingine, na mwingine, na nilipoangalia chini nilikuwa nimemaliza suruali tatu na sikumbuki nilivyozishona.

Sijui niwaeleze vipi, jamani. Ni nyimbo fupi, hazina maringo. Msichana anaingia, anasema shida yake, anapiga makofi kidogo, anatoka, na pindo la suruali limeisha pamoja naye. Nikaanza kupima kazi kwa hizo nyimbo: pindo ni wimbo mmoja, zipu ni nyimbo mbili, kupunguza kiuno ni tatu na nusu. Kulikuwa na mmoja ambaye sauti yake ilikuwa imeziba ziba kama mtu mwenye homa, huyo nilimpenda kuliko wote, nikampa jina Msichana wa Mafua. Mwalimu mmoja wa Kifaransa wa sekondari, mteja wangu, alikuja kuchukua gauni lake akasimama akasikiliza, akacheka mpaka akashika meza. Akaniambia hizo ni nyimbo za Ufaransa za mwanzo wa miaka ya sitini, za vijana wa huko waliokuwa wakicheza dansi huku wazazi wao wakilia kwamba watoto wameharibika. Nikamuuliza zinasema nini. Akasema, "Fundi, ni mapenzi tu. Kijana kanipenda, kijana kaniacha." Mkumbuke hilo, kwamba mimi nilijua.

Omolo, fundi wa viatu tunayegawana naye kivuli, alinisema mwaka mzima. "Omera, ndugu yangu, mtu mkubwa hivi wa kutoka Vihiga, badala upige ngoma za kwenu unabembelezwa na watoto wa wazungu?" Mimi nilikuwa nashona tu. Raha ya mtu mwingine haina maelezo.

Na ni hizo nyimbo zilizoniletea Awuor, sitasahau. Awuor anakaanga samaki kule Dunga, alikuja na sketi ya kubana, akasikia Msichana wa Mafua, akauliza, "Huyu ni mgonjwa?" Akacheka, akalipa, akaenda. Kesho yake alirudi na sketi nyingine ambayo haikuwa na tatizo lolote. Nikaizungusha mkononi, nikamuuliza nifanye nini hapa, akasema, "Weka tu ule wimbo wa mgonjwa, utaona cha kufanya." Basi nikaona. Tulipoanza kuongea mambo ya kuoana aliniambia kitu kimoja tu, akakisema polepole ili nisikie vizuri: baba yake alishaenda, aliyebaki ni mama, na mama akikataa yeye hatakuja kwangu kwa mlango wa nyuma. Mimi mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Nilimwambia hata mimi nataka mama anikubali, si kwa ajili yake peke yake.

Sasa mje kwa maro. Maro ndiye mama mkwe, na heshima ya mkwe na maro si mchezo. Hampeani mikono, hamli meza moja, hamtazamani usoni, na kiti alichokalia yeye wewe unakipita kwa mbali. Kwetu Vihiga pia heshima hiyo iko, lakini Wajaluo wameiwekea lami. Na huyu maro wangu si maro wa kawaida, ndiye mwenyekiti wa akina mama wa kanisa lao huko Muhoroni, mjane mnyoofu, kitambaa cheupe kichwani hata siku ya Jumanne.

Siku moja, bila taarifa, alikuja Kibuye na Awuor kununua kitambaa cha sare za kanisa. Niliwaona wakiwa tayari karibu. Nikaruka kutoka kwenye cherehani, nikasimama nyuma ya nguo zinazoning'inia (kama kwamba mwili huu unajificha nyuma ya blauzi), na redio nikaisahau ikiimba. Maro alisimama kwenye kibanda cha pili, akageukia rundo la kabichi, akaongea na hizo kabichi.

"Awuor, muulize huyo fundi hizo ni nyimbo za wapi."

Awuor akanigeukia, na mimi nikamjibu Awuor, ingawa maro angeweza kunisikia hata akiwa ameziba masikio. "Mwambie Mama ni Kifaransa."

"Aa. Za Kongo," maro akaziambia kabichi. "Za kumsifu Mungu?"

Nataka mnielewe hapo. Hapa kwetu Kifaransa ni Kongo, na Kongo ikiingia kwa nyumba ya mtu wa kanisa ni injili, hakuna anayewaza tofauti. Swali lilikuwa rahisi, jibu lilikuwa hapana. Lakini hebu jaribu kumwambia maro wako mtarajiwa, mara ya kwanza anakusikia sauti, kwamba hapana, Mama, ni wasichana wanalia juu ya wavulana. Omolo alikuwa ameinama kwenye kiatu, mabega yanamcheza. Nikasema, "Mwambie ndiyo."

Maro akatikisa kichwa kwa furaha. "Huyu kijana ni wa Mungu. Wengine hapa wanapiga ohangla mchana kweupe." Kisha akampa Awuor simu yake, Awuor akanipa mimi, ili nimwekee wimbo mmoja wa kumtia nguvu. Mteja anapita, Omolo anakohoa kikohozi cha uongo, nikamwekea ule uliokuwa unaimba wakati huo. Msichana wa Mafua.

Nilidhani atausikiliza mara mbili auchoke. Baada ya muda Awuor akatoka Muhoroni na habari: mama anauweka akipalilia. Mara nyingine akaja na habari: mama ameuweka kwenye simu ndiyo ilie mtu akimpigia, na mchungaji alipompigia hakupokelewa mpaka mama alipomaliza kusikiliza. Nikamwambia Awuor, tafadhali, mweleze mama. Akanitazama kwa jicho lile la mtu anayegeuza samaki kwenye mafuta. "Nimwambie nini? Kwamba bwana yangu ameanza kumdanganya kabla hajawa bwana yangu? Wewe ndiye ulisema ndiyo, wewe uitoe." Nitaitoaje, na mtu mwenyewe siruhusiwi hata kumtazama? Nikamwomba Omolo, ambaye ndiye alikuwa jagam wangu, yaani msemaji na mshenga wa hiyo ndoa. Omolo akasema atamwambia. Hakumwambia. Alisema baadaye aliona ni dhambi kuharibu kitu kitamu namna hiyo.

Siku ya ayie tulifika Muhoroni saa za asubuhi. Kulikuwa na joto, harufu ya miwa inayosagwa imejaa hewani, na matrekta yanapita barabarani na matela ya miwa mpaka unahisi ardhi kwenye meno. Hema lilikuwa limesimamishwa uani. Upande mmoja sisi wageni, upande wa pili wenyeji, na maro katikati yao amevaa gauni ambalo (wacha nijisifu kidogo) nililishona mimi, kwa vipimo alivyoniletea Awuor kwenye kamba. Mimi nilipewa kiti cha plastiki chenye mikono. Niliingia kwa ubavu, nikashuka polepole, kikalia kidogo halafu kikanyamaza. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kukaa. Muoaji haongei siku ya ayie, jagam ndiye anaongea, na Omolo alikuwa ameongea vizuri sana, mpaka nikaanza kupumua.

Hapo baba mdogo wa Awuor, aliyekuwa anaongoza shughuli, akasimama akasema akina mama wa kanisa wana zawadi kwa mkwe wao. Zawadi ya kumshangaza. Walikuwa wamefanya mazoezi.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Wakatoka wawili wawili, vitambaa vyeupe, wanacheza kwa mabega, kayamba mbele, na maro akainuka akaingia mstari wa kwanza. Mpigaji kayamba akachukua mwendo. Niliujua huo mwendo. Nimeshona mapindo mangapi kwa huo mwendo? Jasho likanitoka hata kabla hawajafungua midomo, na walipofungua, akatoka Msichana wa Mafua, sauti ishirini kwa pamoja, Kifaransa chao wamekipata kwa masikio tu, wamekinyoosha kwa Dholuo, lugha ya nyumbani, mpaka kinapendeza. Nitasema ukweli hata kama mtanicheka: uliimbwa vizuri. Ile sehemu ya kurudia rudia, ambapo msichana kwenye redio anapiga makofi, wao walikuwa wanainua mikono mbinguni na kufumba macho, na mama mmoja wa nyuma alikuwa analia machozi ya kweli.

Awuor alikuwa dirishani na wasichana wenzake. Niliona tu anaweka leso mdomoni.

Kwenye meza ya wageni wa heshima alikaa mchungaji wa kanisa lao, mtu mchangamfu mwenye sauti ya kufaa uwanja, na kando yake mgeni wake, mhubiri aliyekuja kwa mkutano wa injili wa wiki hiyo. Kutoka Kongo. Mimi nilikuwa nimesalimiana naye asubuhi na akili yangu haikuninong'oneza chochote. Wimbo ulipoanza mhubiri alitabasamu, mtu amesikia lugha yake ugenini. Halafu akainamisha kichwa kusikiliza vizuri. Halafu tabasamu likaenda. Akachukua leso akafuta shingo, akaanza kuchunguza soda yake kama inayo maandishi madogo.

Wakamaliza. Vigelegele, makofi, mimi napiga makofi kuliko wote. Nikasema moyoni, Mungu ni mwema, limepita.

Mchungaji akashika maikrofoni. "Wapendwa, tumebarikiwa. Lakini tutakaaje na utamu bila kujua maana? Na Mungu ametuletea mtumishi wa lugha hiyo hiyo. Mtumishi, njoo ututafsirie."

Mhubiri akasema pale pale alipokaa, "Ni wimbo muzuri. Iko na furaha." Akataka kurudi kwa soda.

"Hapana, mtumishi. Mstari kwa mstari. Tujengwe."

Yule mtu alisimama kama anayeitwa kortini. Namhurumia mpaka leo. Akashika maikrofoni, akatazama paa la hema, na nafikiri aliomba kwanza.

"Anasema," akaanza, "siku ya Jumamosi imefika."

"Amina," wakasema watu.

"Anasema, nimevaa gauni yangu ya bluu."

"Vazi la wokovu," akasema bibi mmoja mbele.

"Nimekaa kwa dirisha, nakungojea."

"Bwana arusi anakuja," akasema yule bibi, amesimama sasa, na watu wakaanza kushangilia, na mchungaji akapiga meza kwa furaha. Mimi nikaanza kuamini labda itapita. Labda mwalimu wa Kifaransa alikosea. Mtu aliyebanwa anaamini chochote.

Mhubiri akameza mate. "Anasema, ulikuja. Lakini ulikuja na rafiki yangu."

Amina ilitoka kwa watu wawili watatu, ikakatika.

"Mukacheza dansi, mimi nikawashikia makoti. Anasema... wazee munisamehe, ni yeye anasema... kwa hivyo midomo yangu hutaionja tena."

Trekta lilipita barabarani na tulilisikia lote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Na ile sehemu ya mikono juu?" mchungaji akauliza, sauti imeshuka. Afadhali angeacha.

"Hiyo anasema, nitaenda na yule mwenye skuta. Nitaenda na yule mwenye skuta. Mara nyingi hivyo." Akaweka maikrofoni mezani polepole sana.

Akina mama walikuwa bado wamesimama kwenye mistari yao. Yule aliyelia alikuwa ameshika leso yake hajui aifanye nini. Kisha vichwa vikaanza kugeuka, kimoja kimoja, kwa sababu kila mtu pale alijua wimbo ulitoka kwa nani. Maro alikuwa mbele yao wote, ameangalia chini, na nilimwona anashika pindo la gauni lake, lile nililolishona, analikunja vidoleni. Nikaona ndiyo imeisha. Nikamtazama Awuor dirishani, leso haikuwa tena mdomoni, ilikuwa machoni. Omolo, msemaji wangu, mtu ambaye kwa miaka hajawahi kukosa neno, aliangalia viatu vya watu.

Muoaji haongei. Nalijua hilo. Lakini huyo mama alikuwa amesimama mbele ya kanisa lake amebeba uongo wangu kwa mikono yote miwili, na hakuna mwingine wa kumpokea. Nikasimama.

Kiti nacho kikasimama. Ile mikono ya plastiki ilikuwa imenikumbatia kiunoni kwa joto lile la mchana, na nilipoinuka kikaja nami, miguu minne imetazama nyuma. Nikajaribu kukisukuma kwa siri, hakikutoka. Mtoto mmoja akaanza kucheka akafinywa akanyamaza. Basi nikaona kama nimeaibika, niaibike mara moja. Nikamgeukia maro, moja kwa moja, kinyume cha kila heshima niliyofundishwa.

"Mama, kosa ni langu. Uliniuliza kama ni za Mungu nikasema ndiyo, na nilijua si za Mungu. Ni nyimbo za zamani za vijana wa Ufaransa, nilizipata kwenye koti la mitumba, nazipenda, na niliona haya kusema. Nilitaka unione mtu mzuri. Hawa akina mama hawana kosa, na Awuor hana kosa. Naomba msamaha." Nikataka kukaa, nikakumbuka kiti kiko wapi, nikabaki wima.

Maro aliinua uso. Nilikuwa nimemjua zaidi ya mwaka na sijawahi kuona macho yake, ni ya Awuor kabisa. Alinitazama, akatazama kiti, akanitazama tena. Halafu akamgeukia mhubiri.

"Mtumishi, hujamaliza. Huyo msichana, mwisho alimpata huyo mwenye skuta?"

Mhubiri akachukua maikrofoni tena kwa hofu. "Alimupata, Mama. Mustari wa mwisho, wameenda pamoja."

"Na alikuwa mtu mzuri?"

"Wimbo haifiki huko, Mama."

Mtu mmoja nyuma alishindwa, akacheka, na kicheko kikaenda hema nzima mpaka kwa mchungaji. Maro hakucheka. Alingoja kinyamaze.

"Elphas," akaniita. Jina langu, kinywani mwake, mara ya kwanza. "Mimi si mjinga. Nyimbo za Kongo nazijua, baba Awuor alikuwa anaziimba akiendesha trekta, usiku unamsikia kabla hujaona taa. Huyu msichana hakufanana na hao. Nilijua iko kitu. Lakini sikuuliza mtu. Tangu mzee aende mimi nilikuwa naimba nyimbo za matanga tu, hata nikipika mboga ni matanga. Halafu huyu akaingia kwa simu yangu, asubuhi moja nikajipata natingisha bega jikoni, mimi mwenyewe, nikashtuka. Nikaona nikiuliza maana yake nitaambiwa niurudishe. Kwa hivyo nikanyamaza, nikawafundisha na wenzangu. Kama kuna waongo hapa, tuko wawili."

Akina mama wakaanza kunong'ona "aa, aa," ile ya kukubali.

"Huyo msichana alimchukua wa skuta bila kumjua," maro akasema. "Huyu wangu nimemwona. Anaweza kusimama na kiti na aseme ukweli." Akavuta pumzi. "Ayie."

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka vigelegele, na Awuor akitoka mbio mlangoni, na Omolo na baba mdogo wakishika kiti mmoja kila upande na kunivuta kama watu wanaotoa kizibo, na kilipoachia kikapasuka mkono. Nakumbuka mchungaji akiomba sala ndefu sana ya kutusafisha wote. Na baada ya sala, mama wa kayamba akamtazama maro, maro akamtazama mhubiri, mhubiri akasema polepole kwamba kwa kweli kuna mahali pamoja walikuwa hawatamki vizuri. Akawarekebisha. Wakaimba tena, sasa wanajua wanachoimba, na yule bibi wa vazi la wokovu ndiye aliyekuwa mbele akiendesha skuta kwa mikono miwili.

Nimeshukuru kwa mengi maishani, lakini siku hiyo nilikula samaki nikishukuru kwa kila tonge. Mtu nilidhani nimemwaibisha kumbe ndiye aliyenifunika. Hata huyo mwenye koti, popote alipo, nimemwombea.

Tumeoana sasa. Heshima imerudi mahali pake, maro akija Kibuye bado anaongea na kabichi, na mimi bado najificha nyuma ya blauzi. Lakini kwa simu hatuonani, kwa hivyo kwa simu ananipigia. "Nitumie nyingine," anasema. "Lakini uniambie kwanza inasema nini." Nami niliapa siku ile nikiwa na kiti mgongoni kwamba huyo mama akiniuliza kitu nitamjibu kilivyo, hata kama jibu lenyewe linanitoa jasho. Nampelekea mwalimu wa Kifaransa wimbo, ananitafsiria, mimi namkunjia pindo la gauni bure, halafu nampigia maro.

Juzi ulikuwa wimbo wa pole pole, hauna makofi. Nilimwambia ukweli. "Mama, huyu amebaki peke yake. Nyumba imenyamaza. Anasema bado anasikia hatua za yule aliyeondoka."

"Tuma tu," akasema. "Huyo namjua."

Nikamtumia, nikarudi kwa pindo langu.